Alama Nilizoupa Mwanga

Kabla sijasimulia jinsi nilivyoyaharibu matibabu yangu mwenyewe, acha kwanza nieleze matibabu yenyewe. Watu wa kanisani kwetu walipokuja kusikia, wengi walidhani nilikuwa napigwa shoti za umeme. Mmoja alinikazia macho kwenye kipaji cha uso, akitafuta palipoungua.

Hakuna umeme unaoingia kichwani. Ni mwanga tu. Kuna mwanga tunaouona, kuanzia zambarau hadi mwekundu, na kuna mwingine ulio kando ya wekundu, ambao macho yetu hayakuumbwa kuuona. Wataalamu huuita infraredi ya karibu. Huenda unao hapo ulipoketi. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza kitufe huku ukitazama kioo cha simu. Katika simu nyingi utaona kitaa kidogo kikimetameta kwa rangi ya zambarau iliyopauka. Sasa itazame rimoti yenyewe kwa macho, uone kama utaona chochote. Nilimfanyia binti yangu jambo hilo mezani, naye akasema kwa Kiingereza, kama anavyosema kila kitu, kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza la kufurahisha nililomwonyesha tangu mwaka uanze. Ulikuwa mwezi wa pili, kwa hiyo sikulichukulia kuwa tusi.

Mwanga wa aina hiyo, wenye nguvu zaidi na uliopimwa, ndio niliomulikiwa kwenye kipaji cha uso mara tatu kwa wiki, dakika ishirini kila mara, katika kliniki moja ya Saint Louis Park, hapa Minnesota, Marekani. Sehemu kubwa ya mwanga huishia kwenye ngozi na mfupa. Ni kidogo tu kinachopenya hadi kwenye ubongo, na wanadhani hicho kidogo huziamsha zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, kama vile unavyopepea jiko la makaa lililoanza kufifia. Nasema wanadhani kwa sababu hata mtaalamu aliyenihudumia alisema hivyo, siku ya kwanza kabisa. Alisema utafiti bado ni mchanga, kwamba wako wanaopata nafuu na wako wasiopata, na kwamba mwanga ungekuwa nyongeza juu ya vidonge vyangu, si badala yake. Alinionyesha miwani myeusi ya kulinda macho na ule mkanda wenye taa, akaniacha niushike na kuugeuzageuza kabla hajanivika. Nilimpenda kwa hilo. Kabla ya kuja huku kutoka Kenya na kuwa nesi nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, na mtu anayejua kueleza namtambua mara moja.

Ugonjwa wenyewe vitabu vinauita sonona. Nyumbani tungesema tu, "Ana mawazo," na mtu angeuliza, "Mawazo ya nini?" Hapo ndipo ningekwama, kwa maana hakuna kilichotokea. Sikufiwa. Sikufukuzwa kazi. Asubuhi moja ya Novemba niliketi ukingoni mwa kitanda nikiwa na soksi mbili mkononi, nikashindwa kuamua nianze na mguu upi. Nilicheka. Kesho yake nikashindwa tena, na sikucheka. Kufikia Krismasi nilikuwa nimeacha kuimba besi kwenye kwaya, nikidai koo linaniuma. Nikitoka kazini nilifika kwenye maegesho ya nyumba yetu, Brooklyn Park, nikazima gari, kisha nikabaki ndani mpaka vioo vikajaa ukungu wa pumzi zangu. Sikuwa nawaza chochote. Watu hawaelewi hilo. Neno letu ni mawazo, lakini mimi sikuwa na hata moja.

Mke wangu pia ni nesi, katika hospitali moja upande wa Minneapolis. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari mwezi wa kwanza, daktari akanianzishia vidonge, na vilipokuwa vimenisogeza kidogo tu, akaniandikia barua ya kwenda kwenye mwanga.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kila Jumatatu, kabla ya kuvikwa mkanda, nilipewa karatasi yenye maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Mara ngapi umejiona huna thamani? Mbele ya kila swali kulikuwa na visanduku vinne: hata siku moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Swali la mwisho liliuliza kama umewahi kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usingekuwepo. Unatia tiki, majibu yanajumlishwa, na namba inayopatikana ndiyo macho ya daktari. Kipimo cha damu kwa ugonjwa huu hakuna. Yeye haoni ndani yako. Anaona ile namba.

Jumatatu ya kwanza nilijibu kweli, isipokuwa lile la mwisho, nililoliwekea "hata siku moja" upesi kama mtu anayeruka dimbwi.

Wiki ya pili, nilipoingia, yule mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Ni binti wa hapahapa Minnesota, hajafika hata thelathini, na alikuwa amejifunza kitu kwenye simu yake.

"Habari ya asubuhi, mwalimu?"

Alikitamka kila kipande peke yake, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilijibu kwa furaha ya kweli, "Nzuri sana, binti yangu. Nzuri sana!" Alipiga makofi. Akaniuliza kama amepatia, nikamwambia amepatia kuliko watoto wangu. Kisha, bado tunacheka, akanikabidhi karatasi.

Wewe unayesoma hili unaijua salamu yetu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani hujibu swali, unapokea salamu. "Nzuri," unasema, hata kama umetoka makaburini. Halafu mnaketi, chai inamiminwa, na hapo ndipo unasema, "Nzuri, ila mtoto amelazwa." Si uongo. Kwanza unamheshimu aliyekuuliza, halafu ukweli unafuata kwa mwendo wake. Lakini karatasi ile haikuwa na nafasi ya "ila". Ilikuwa na visanduku vinne na tarehe. Nami, nzuri yangu ikiwa bado ya moto mdomoni, nilishuka ile orodha nikitia tiki kisanduku kimoja kushoto zaidi ya pale palipostahili.

Aliisoma, na uso wake ukachangamka. Nimewahi kuuona uso wa aina hiyo. Ni wa mwalimu mwanafunzi siku mkaguzi anapokaa nyuma ya darasa, halafu watoto wote wananyoosha mikono. Akaniambia namba imeshuka. Akanipangusa kipaji cha uso kwa kitambaa chenye joto, taratibu, akanifunga mkanda, akaniuliza binti yangu anaendeleaje na mtihani wa udereva. Unapoalikwa kula na mtu aliyeshinda jikoni kwa ajili yako, ukikuta mchuzi hauna chumvi, husemi. Unaomba kuongezwa.

Wiki ya tatu nilisogeza tiki kushoto tena, na ya nne pia. Nilidhani najibu maswali kuhusu mimi, kumbe nilikuwa nasahihisha kazi yake, nikampa alama anazostahili mtu mwenye bidii. Siku moja nilijikuta nikisita kati ya visanduku viwili, nikasema moyoni, hapana, hicho kitamvunja moyo. Nakumbuka kabisa maneno hayo. Hayakunishtua.

Mwisho wa wiki ya nne daktari aliitazama safu ya namba, kila moja ndogo kuliko iliyoitangulia. Alisema amefurahi, kwamba mwili wangu unaupokea mwanga, na kwamba sasa tungeweza kupunguza kidonge hadi nusu. Nilisimama, nikampa mkono, nikamshukuru.

Nifafanue hapa kwa ajili ya yeyote aliye kwenye matibabu kama yangu. Sina ugomvi na mwanga ule. Mpaka leo siwezi kukuambia kama ulinifaa au haukunifaa, na hiyo ndiyo hasara niliyojitia, kwamba majibu yangu ya wiki zile hayana kazi, kwa daktari wala kwangu. Labda bila mwanga ningezama mapema zaidi. Labda haukufanya lolote. Matibabu yako huenda yakawa mema, na ninakutakia hivyo. Nenda, vaa miwani, kaa dakika zako. Ila kidonge changu kilipunguzwa kwa sababu ya adabu yangu, si kwa sababu ya mwanga.

Siku kumi baada ya kidonge kukatwa nilikuwa kazini, katika nyumba ya wazee wanne tunaowatunza huko Inver Grove Heights. Saa nane mchana ni saa ya dawa. Nilifungua kabati, nikatoa karatasi ya mzee mmoja, nikatoa chupa yake, na nikasimama. Herufi niliziona. Zilikataa kuwa neno. Mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kongo aliyeniita "papa", yaani baba, tangu siku ya kwanza, alikuwa anakunja mashuka chumba cha pili.

"Papa, mzee anangoja."

"Nakuja, mama."

Mashuka yaliyobaki yakaisha kukunjwa. Akaja mlangoni.

"Papa. Unaangalia ile chupa tangu nilianza kukunja mashuka yote. Iko nini?"

"Niko sawa."

"Sawa gani hii?" Alinyoosha kiganja. "Leta funguo. Kaa pale. Mi ntaita yule wa ofisi, aje apane dawa kwa mzee. Weye leo hapana."

Niliketi kwenye kiti cha jikoni kama mtoto aliyetolewa darasani. Mzee alipata dawa yake ikiwa imechelewa, hakudhurika. Lakini nilijua kwamba kesho au keshokutwa ningempa mtu chupa isiyo yake. Na lile swali la tisa, lile nililokuwa naliruka kila Jumatatu, lilikuwa sasa linakuja lenyewe. Lilikuwa likinijia barabarani nikiendesha, kwa utulivu, kama wazo la busara.

Bado sikusema. Mwishoni mwa wiki ya sita kliniki ilikuwa imenipa karatasi ya pili, ya kujazwa na mtu wa nyumbani: maswali yaleyale, lakini juu yangu. Niliikunja nikaitia kwenye kisanduku cha gari, chini ya kikwaruzo cha barafu. Pale nilisahau ninaishi wapi. Mwezi wa nne theluji ilianguka tena, mke wangu akaenda kusafisha kioo, na akarudi ndani na karatasi mkononi badala ya kikwaruzo.

"Hii nini?"

"Karatasi tu ya kliniki."

"Imeandikwa ni ya mwenzi wa mgonjwa. Wewe ndiye mwenzi wako?"

"Nilikuwa nikupe."

"Lini? Parapanda ikilia?"

Aliijaza palepale kwenye meza ya jikoni, amesimama, koti mwilini, theluji ikiyeyuka mabegani. Hakunionyesha. Aliuliza tu Jumatatu ni saa ngapi.

"Si lazima uje. Utakuwa umetoka zamu."

"Nikishikwa na usingizi nitalala hukohuko. Nasikia viti vyao ni laini."

Jumatatu aliendesha yeye. Tukaingia barabara kuu.

"Jana mtoto alisema 'vitabu changu'," akasema. "Mezani. Ulisikia?"

"Sikusikia."

"Ulisikia. Alisema makusudi, akanitazama mimi. Miaka yote umemsumbua yule mtoto na Kiswahili sanifu mpaka akawa anakimbilia chumbani. Jana amekutega, ukaendelea kutafuna."

"Nilikuwa nimechoka."

"Alikwenda kulia, mwalimu. Mtoto wa miaka kumi na sita amelia kwa sababu baba yake hakumsahihisha."

Nilihesabu nguzo za taa.

Kliniki, yule mtaalamu alitukaribisha wote wawili kwa salamu yake, ambayo sasa ilitiririka vizuri. Mke wangu aliijibu kwa heshima, akaketi, akamkabidhi karatasi. Mtaalamu aliiweka mezani kando ya ile niliyoijaza dakika tano kabla. Alizitazama zote mbili. Nilimwona akirudi juu kuhakikisha kwamba jina ni langu kwenye zote.

Yangu ilikuwa na tiki upande wa kushoto. Za mke wangu zilikuwa kulia, karibu zote. Na chini, mahali palipoachwa kwa mengineyo, alikuwa ameandika kwa Kiingereza mpaka nafasi ikaisha, akaigeuza karatasi ubavu na kuendelea pembeni. Niliweza kuyasoma nikiwa nimeketi. Haimbi. Hasahihishi watoto. Ameacha kuniuliza kuhusu wagonjwa wangu. Halafu hili: Akirudi kazini hubaki ndani ya gari, wakati mwingine dakika arobaini. Namwona kutoka dirishani. Sijawahi kumwambia.

"Sijui nisome ipi," mtaalamu alisema, mashavu yamemwiva. Hakuwa amekasirika. Alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Aliuliza kama tungependa kubaki wawili kidogo, akatoka, akauvuta mlango bila kuufunga kabisa.

Mke wangu aliichukua karatasi yangu.

"Hata siku moja," alisoma. "Siku kadhaa. Hata siku moja. Huyu ni nani? Ningependa kuolewa na huyu."

"Mama watoto—"

"Ulikuwa unamdanganya kwa nini? Anakulipa?"

"Amejitahidi sana," nikasema. Nilisikia jinsi lilivyosikika, lakini sikuwa na jingine. "Kila nikifika ana furaha. Ningemwambiaje kwamba kazi yake haijanisaidia?"

Alianza kucheka, kile kicheko cha aliyetoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, akafuta macho, na nikaona kwamba hakuwa anacheka tena.

"Hospitalini kwetu ndivyo mlivyo," akasema. "Mkenya anabebwa kwenye machela, namuuliza maumivu, ananiambia si mabaya, dada, pole na kazi. Pole na kazi! Mimi nawajua ninyi. Nawafundisha manesi wengine, nawaambia, mkiona Mkenya anasema anaendelea vizuri, mwiteni daktari." Aliishusha karatasi magotini. "Halafu nyumbani nakuuliza habari za kazi, unasema nzuri, nami napokea. Nakupakulia chakula. Nimesimama dirishani mwezi mzima nakuangalia ndani ya lile gari, na ukipanda ngazi nasema karibu."

"Kwa nini hukushuka?"

"Niliogopa nikigonga kioo utasema uko sawa."

Huko nje mtu alipita akisukuma kigari. Mke wangu alitafuta kalamu mkobani mwake, akanipa, pamoja na karatasi mpya aliyoichukua mwenyewe kwenye rundo la mezani. Hakusema nijaze. Alikiviringisha kiti chake hadi magoti yetu yakagusana, akatazama ukuta, ili nisione anatazama.

Nilianza juu. Swali la kwanza lilinichukua muda mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, kwa sababu mkono ulikuwa na njia yake uliyoizoea, na ilinibidi niusubiri. Karibu kila siku. Karibu kila siku. Zaidi ya nusu ya siku. La usingizi, la chakula, la kujiona nimewaangusha watu wangu. Nilipofika la tisa nilisimamisha kalamu. Sikuandika kitu. Mke wangu aligeuka.

Sitaandika hapa jinsi uso wake ulivyobadilika. Nilitia tiki mahali pake, si kushoto.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu daktari alipopunguza dawa. Kabla ya hapo kidogo. Mwanzoni lilikuwa linapita tu."

"Na ukiwa unaendesha?"

"Ndiyo."

Alizitoa funguo za gari langu kwenye mfuko wa koti langu, ingawa siku hiyo tulikuja na lake, akazitia kwenye mkoba na kuufunga zipu. Kisha akaenda mlangoni akamwita yule binti kwa jina lake.

Mtaalamu aliisoma karatasi mpya mpaka mwisho. Hakunivika mkanda. Aliuzima ule mtambo, akavuta kigoda, akaketi chini kidogo kuliko mimi, ikabidi niinamishe macho kumtazama. Nilianza kumwambia samahani. Alitikisa kichwa, akasema amepokea, tutayazungumza siku nyingine, na kwamba daktari ameshaitwa na anakuja. Halafu akauliza, kwa Kiingereza chepesi kabisa, kama leo, nikitoka hapa, nitakuwa salama.

Nilifungua mdomo. Mke wangu aliinua kidole kimoja kutoka gotini.

"Sijui," nikasema.

"Basi tutakaa hapa mpaka tujue," mtaalamu akasema.

Mke wangu alitoa simu, akapiga kazini kwangu, akawaambia sitakuja leo wala kesho. Walimuuliza kwa nini, nadhani, maana aliniangalia kwanza. Kisha akawaambia.